Mali Yote ya Donat

Kazini alikuwa Donat, nyumbani alikuwa Vital, na kwa miaka thelathini na mmoja hakuna aliyeona ubaya wowote. Asubuhi alitoka kwake mtaani Katuba akiwa Vital, mume wa Josée, baba wa Gradi na Plamedi, mweka hazina wa kwaya ya parokia. Akifika kwenye lango la Karakana ya Kimbeya, ambako walichomelea matangi na kutengeneza mabehewa madogo ya migodi, mlinzi alimwita Papa Donat naye akaitika bila kusita. Josée alipenda kumtania kwamba hata usingizini, ukimwita Donat, atajibu.

Usishangae sana. Lubumbashi ina watu wengi wenye jina la kazi na jina la nyumbani, na kila mmoja ana hadithi yake. Ya huyu ilianza na baba yake, mzee Kalenga, aliyeshuka na treni kutoka kaskazini mwa Katanga akiwa kijana na kuzeeka ndani ya Kimbeya. Karakana ile ilikuwa na desturi yake: mfanyakazi aliyestaafu bila doa aliruhusiwa kuacha nafasi yake kwa mtoto mmoja wa kiume. Mwaka 1994 mzee alimwandikisha kifungua mimba wake, Donat, aliyezaliwa tarehe kumi na nne Novemba 1965, mwenye mke na mtoto wa kike wa miezi miwili. Karatasi zikapokelewa. Zikiwa zimebaki siku tisa aanze kazi, Donat aliugua homa Jumatatu, na Alhamisi wakamzika.

Kesho yake, kilio hakijaisha, mzee aliwaita ndugu zake jikoni nyuma ya nyumba na kufunga mlango. Vital alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwembamba, macho yamevimba kwa kulia. Aliitwa naye.

"Fasi iko, inatungojea siku tano tu," mzee alisema. "Nikirudisha karatasi, batapatia mutoto wa mungine. We utaenda. Utasema we njo Donat."

Wale ndugu waliangalia chini. Hakuna aliyesema ndiyo, hakuna aliyesema hapana, na katika ukoo ule hiyo ilitosha kuwa ndiyo. Kifo hakikuandikishwa kwenye ofisi yoyote. Juu ya msalaba wa kaburi waliandika tarehe peke yake, na mama yao alipouliza jina liko wapi, aliambiwa rangi imeisha. Jumatano iliyofuata Vital alisimama mstarini, akasikia jina la kaka yake likiitwa, akajibu kwamba yupo. Kesho yake likaitwa tena, akajibu tena.

Mjane wa Donat, Mwape, alikaa nao miezi mitatu, kisha akarudi kwao Pweto na mtoto mgongoni. Hakugombana na mtu. Aliomba kitu kimoja tu, Vital awe anamkumbuka mtoto, na Vital akaapa. Alituma fedha mara mbili. Halafu mambo yakaingiliana, unajua yanavyoingiliana. Tatizo ni kwamba Kimbeya walikuwa wakilipa kila mwezi posho ndogo kwa ajili ya mtoto aliyeandikwa kwenye dosye ya Donat, yaani faili lake la kazi, mtoto Wivine, na aliyeipokea ni Vital. Mwanzoni aliiweka kwenye bahasha. Baadaye akawa anakopa kutoka kwenye bahasha. Mwishowe bahasha yenyewe ikapotea, na posho ikaendelea kuja mpaka mtoto alipotimiza miaka kumi na minane. Vital hakuwa mtu mbaya, nakwambia kweli. Alikuwa mtu wa kesho, na jambo hili alilionea haya kiasi kwamba hakumwambia mtu, hata Josée.

Alimwoa Josée mwaka 2001 kwa jina lake la ubatizo, kwa kuwa baba mkwe hakutaka kusikia jina jingine kanisani wala kwa afisa wa ndoa. Ndiyo maana hakuweza kumwandikisha kazini. Donat wa Kimbeya alikuwa na mke tayari, naye ni Mwape. Kwa hiyo Vital alimwambia Josée kwamba Kimbeya hawatoi chochote kwa wake na watoto, ni mabahili wa kutupwa, na Josée akazoea kuwalaani mabahili hao kila muhula wa shule ulipoanza.

Basi mwaka jana, mwezi wa nane, parokia ikaita wanandoa waliovuka umri wa miaka hamsini. Mwalimu alikuwa papa Gauthier, mhasibu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi, na somo lake lilikuwa moja: una nini, unadaiwa nini, na ukiacha kazi utaishi na nini. Kila jozi ilipewa karatasi ya manjano yenye mistari. Upande mmoja mali, upande mwingine madeni, chini jumla. Halafu, jambo ambalo liliwafanya watu wacheke kwa wasiwasi, kila jozi ilipaswa kubadilishana karatasi na jozi nyingine.

Vital na Josée waliangukia kwa Élie na mkewe Christiane. Huyu Élie alikuwa mtu wa Butembo, mfanyabiashara wa jumla, mwenye bohari la unga na sabuni na malori mawili yaliyokuwa yakienda Pweto na unga na kurudi na samaki wakavu. Kwa miaka kumi na mitano Vital alikuwa akimwangalia Élie akishuka kwenye gari lake mbele ya kanisa, na kila Jumapili alijisikia mdogo kidogo.

Waliandika. Nyumba ya Katuba, Josée alisema, haipungui dola elfu thelathini na mbili. Dekonti ya Kimbeya, yaani fedha ya mkupuo atakayolipwa siku ya kuacha kazi, elfu kumi na moja. Kiwanja cha upande wa Luano, elfu nne. Friji, viti, mashine ya kushonea, elfu moja na mia tano. Deni lilikuwa dola mia sita tu, la ada ya Gradi. Jumla, baada ya kutoa deni: elfu arobaini na saba na mia tisa.

Karatasi ya Élie ilikuwa na bohari la elfu arobaini na malori ya elfu hamsini. Lakini nyumba yao ilikuwa ya kupanga, na benki ilikuwa ikimdai elfu arobaini na tano. Josée alipiga hesabu mara mbili kwa kidole juu ya paja.

"Vital," alinong'ona, "tunabapita. Tunabapita na elfu mbili na mia kenda!"

Élie alicheka na kumpa Vital mkono. "Ndugu yangu, mimi nabeba mali ya benki kwa malori. Wewe unalala ndani ya mali yako. Nani tajiri?"

Vital alifurahi, kwa nini nimfichie? Alifurahi mpaka masikio yakawa moto. Kisha papa Gauthier akasema kuna mstari mmoja bado, ule wa mwisho kulia, watu wameuruka. Ulisema: jina lililoandikwa kwenye hati.

"Kitu ambacho haiko na jina yako, ufute," Gauthier alisema, akipita kati ya viti. "Usinionee haya. Uzee haijui kitu ya kaka mukubwa wala ya shemeji. Inajua karatasi."

Nyumba ilinunuliwa kwa mkopo wa Kimbeya, ikakatwa kwenye mshahara wa Donat, hati ni ya Donat. Dekonti ni ya Donat. Kiwanja alikinunua akionyesha kadi ya mpiga kura, maana ndiyo kitambulisho, na kadi yenyewe, yenye picha ya Vital, ilisema Donat, kwa kuwa kazini walitaka kadi ifanane na dosye. Vital alishika kalamu juu ya mstari ule muda mrefu. Mambo yote haya aliyajua. Hakuwahi tu kuyaona yamepangwa wima. Gauthier alipofika kwao, Vital aliikunja karatasi mara nne na kusema wao wako kamili.

Wiki mbili baadaye barua ilimngoja kazini. Kimbeya walikuwa wameleta mkuu mpya wa ofisi ya wafanyakazi, binti wa miaka thelathini hivi aitwaye Emmanuella, aliyeingiza dosye zote kwenye kompyuta. Kompyuta haina huruma, na huyu binti hakuwa na desturi ya kumbakiza mzee kwa miaka mitano ya ziada kama waliomtangulia. Barua ilisema Bwana Kalenga Donat atatimiza miaka sitini tarehe kumi na nne Novemba, na siku hiyo ndiyo ya mwisho.

Vital alikuwa na miaka hamsini na miwili. Mikono yake ilikuwa bado na nguvu, Plamedi alikuwa bado na miaka mitatu ya shule, Gradi minne ya chuo. Kichwani mwake alikuwa na miaka minane ambayo haikuwapo kwenye karatasi yoyote duniani. Alikwenda ofisini na barua mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake alitamani kumwambia mtu kwamba amezaliwa mwaka 1973. Badala yake aliiweka barua mezani.

"Papa Donat, usiogope," Emmanuella alisema kwa upole. "Dekonti yako iko tayari. Na kila miezi mitatu utapata pensheni yetu ya hapa. Kuko jambo moja tu. Mwaka jana wake tatu walikuja kulia hapa, mabwana walikamata dekonti na kupotea. Sasa sheria yetu ni hii: mke aliye kwenye dosye anasaini pamoja. Mama Mwape atakuja siku gani?"

"Mama Mwape alikufaka," Vital alisema. Hilo alilisikia kutoka kwa wasafiri, miaka mingi iliyopita, na hakwenda kilioni.

"Pole sana, papa. Basi mtoto. Yuko mmoja tu hapa." Alisogeza uso kwenye kioo cha kompyuta. "Wivine."

Vital alirudi nyumbani kwa miguu njia nzima, maana hakutaka kukaa karibu na mtu. Josée alikuwa akisonga bukari. Vital alimweleza barua, akamweleza kuhusu saini, lakini posho hakuigusa. Josée aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Twende tuseme ukweli," alisema. "Useme we ni Vital."

"Miaka makumi tatu na moja nilikulaka mushahara ya muntu alikufa. Nikisema, batanifunga ao batanifukuza bila kitu. Na nyumba? Nyumba itakuwa ya nani?"

Josée alifuta mikono. Alichukua karatasi ya manjano kutoka ndani ya Biblia alikoihifadhi, akaikunjua, akaitazama. Elfu arobaini na saba na mia tisa. Aliirudisha polepole, na Vital aliona kwamba mkewe anaogopa, yeye ambaye hajawahi kuogopa hata wanajeshi.

Namba ya Wivine Vital aliipata kwa Élie, ambaye dereva wake alikuwa akinunua samaki kwa binti huyo kule Pweto. Mji mkubwa lakini dunia ndogo. Sauti iliyopokea simu ilikuwa ya mwanamke mtulivu, haina haraka.

"Papa mudogo Vital," ilisema, kabla hajajitambulisha vizuri. "Mama alisemaka siku moja utaita."

Vital alieleza kwa kuzunguka. Kuna karatasi, kuna saini, ni siku mbili tatu, nauli ataitoa yeye. Wivine alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema atakuja na lori la papa Élie.

Lori lilisimama mbele ya nyumba Jumamosi mchana. Wivine alishuka, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mrefu, mwenye paji la uso la Donat, lile lile. Alipiga goti kidogo kumsalimu yeye na Josée, kwa heshima yote. Nyuma yake wakashuka watoto wawili. Halafu dereva akaanza kushusha mizigo: godoro, godoro la pili, masanduku ya bati, meza, sufuria zilizofungwa kwa kamba, magunia matatu ya samaki. Kwa mtu wa siku tatu mizigo ilikuwa mingi mno. Josée aliihesabu kwa macho, akamwangalia mumewe, kisha akaingia ndani kupika.

Jumatatu walikwenda Kimbeya. Emmanuella alimkaribisha Wivine kwa furaha, akamwonyesha mahali pa kusaini, na kama kawaida yake akamsomea kwanza kilichomo kwenye dosye, asije akasema hakujua. Jina la baba. Tarehe ya kuajiriwa. Jina la mama. "Na posho ya mtoto Wivine, ililipwa kila mwezi kuanzia 1994 mpaka 2012, yote ilipokelewa na baba."

Kalamu ya Wivine ilisimama hewani. Vital alitazama viatu vyake. Alitamani sakafu ya karakana ile impokee, pale pale, yeye na majina yake yote mawili.

"Miaka kumi na munane," Wivine alisema taratibu.

"Ndiyo, mama. Papa yako alikulinda," Emmanuella alisema, hajui anachokisema.

Wivine aliweka kalamu mezani. "Leo nimechoka na safari. Nitasaini kesho."

Njiani Wivine alitangulia mbele. Nyumbani alinawa mikono, akawapa watoto wake chakula, kisha akamwomba Josée na Vital waketi sebuleni. Hakupandisha sauti hata mara moja, na hilo ndilo lililomtisha Vital kuliko kelele zote ambazo angeweza kupigiwa.

"Mi sikukuya kwa kugombana," Wivine alianza. "Nilikuwa nakuya kwa kuuliza tu kaburi ya papa iko wapi, na kama kuko fasi ya kuikala na batoto, juu Pweto kule bwana yangu alinifukuza. Njo vile tu. Lakini leo nilisikia ile makuta."

"Makuta gani?" Josée aliuliza.

Wivine alimwambia habari ya fedha za posho. Alimwambia pia kwamba mama yake aliuza samaki mpaka vidole vikapasuka kwa chumvi, kwamba yeye Wivine aliacha shule akiwa darasa la tano. "Batoto ba kule balikuwa banakuwa na papa ao hawana. Mi mama alikuwa anasema: papa yako alikufa, lakini iko anatumika kazi Lubumbashi. Niliogopaka sana ile neno. Nilikuwa nalala naona muntu wa kufa anabeba chuma."

Josée alimgeukia mumewe. "Uliniambia Kimbeya habapane kitu kwa batoto. Kila mwaka nilikuwa nabalaani."

"Josée…"

"Uache kuniita."

Vital alilia. Alisema asamehewe, alisema alikuwa kijana, alisema bahasha ilikuwapo kweli mwanzoni. Hakuna aliyeuliza bahasha gani. Wivine alingoja amalize, kisha akatoa kwenye mfuko wa plastiki cheti chake cha kuzaliwa na kukilaza juu ya meza.

"Papa yangu njo huyu, Kalenga Donat. Nikienda kusema alikufa 1994, we ni mwizi, na hii nyumba hatuijue ni ya nani. Nikisema iko muzima, basi we njo papa yangu. Na hii ni nyumba ya papa yangu, na mutoto wake ni mumoja." Alimtazama bila chuki. "Uchague weye, papa mudogo."

Nje watoto wanne, wawili wake na wawili wao, walikuwa wakicheka juu ya kitu fulani kwenye simu ya Plamedi. Vital alimwangalia Josée, na Josée hakumwangalia. Alitafuta njia ya tatu na hakuiona. Angeweza kuwa Vital, mwanamume mwaminifu wa miaka hamsini na miwili, mwenye friji, viti, mashine ya kushonea na deni la dola mia sita. Au angeweza kuwa Donat.

"Iko muzima," Vital alisema.

"Muzuri," Wivine alisema. Alikunja cheti chake vizuri. "Basi kuanzia leo nitakuita papa."

Alisaini asubuhi iliyofuata. Dekonti ilitoka mwishoni mwa Novemba, na kabla haijafika nyumbani nusu yake ilikuwa imeshakwenda kwa Wivine, kufidia miaka kumi na minane. Hakuna aliyebishana na hesabu hiyo. Wafanyakazi wa Kimbeya walimfanyia Donat sherehe ndogo, soda na biskuti, wakamsifu kwamba hajazeeka hata kidogo, anaonekana mtoto wa hamsini. Wote walicheka, naye akacheka.

Siku ya Noeli Wivine na watoto wake walikuwa wameshahamia vyumba vya mbele. Vital, Josée na watoto wao walibanana kwenye anekse ya uani, vyumba viwili vya bati vilivyojengwa kwa ajili ya wapangaji. Josée alichukua cherehani yake na kuanza kushonea watu chini ya dirisha. Aliongea na mumewe kuhusu chumvi, maji na ada, si zaidi. Parokiani aliacha kukaa karibu na Christiane, na Élie alipomuuliza Vital mbona siku hizi haonekani kwaya, Vital alisema kifua kinamsumbua. Usiku alikuwa akipiga hesabu upya kichwani, mali, madeni, jumla, na kila alipofika kwenye ule mstari wa mwisho alianza tena kutoka juu, kana kwamba safari hii jibu litabadilika.

Wivine alikuwa mwema kwao, na hilo lazima lisemwe. Alituma sahani ya samaki kila Ijumaa. Kila asubuhi alipiga goti na kumwamkia papa. Mwezi wa pili, juma la kwanza, alikuja mlangoni pa anekse akiwa amejifunga kitenge kipya.

"Papa, kuko bantu banatafuta nyumba ya kupanga. Ni bachimbaji, beko na makuta. Wanapenda hii anekse. Nilisema nitakuuliza."

"Na siye tutaenda wapi, mutoto?"

"Kuko kiwanja ya Luano."

"Kule hakuna hata ukuta mumoja!"

"Ni vile. Nitakuuliza tena," Wivine alisema, akaenda zake sokoni.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya pensheni ya kwanza. Kwa sheria ya Emmanuella, mstaafu huja mwenyewe kila miezi mitatu, na yule aliyesaini naye huja kushuhudia kwamba mtu huyu ndiye na yuko hai, kwa kuwa zamani watu waliendelea kupokea pensheni za marehemu. Emmanuella alieleza haya kwa kicheko kidogo, akiomba radhi kwa usumbufu. Dirisha lilikuwa wazi. Karakanani walikuwa wakigonga bati, na Vital aliijua sauti ya kila nyundo.

"Tunaanza," Emmanuella alisema, kalamu juu ya fomu. "Kalenga Donat. Papa, usijibu weye, shahidi ndiye anajibu. Mama Wivine, huyu papa iko muzima?"

Wivine aligeuka kwenye kiti chake na kumtazama Vital, kwa utulivu ule ule wa mlangoni pa anekse, kama mtu anayengoja sokoni bei ishuke. Emmanuella aliinua macho. Nyundo ziligonga, zikanyamaza, zikagonga tena. Vital alifikiria Josée na cherehani yake chini ya dirisha la anekse, alifikiria kichaka cha Luano, alifikiria mwezi wa tano, na wa nane, na wa kumi na moja, na miaka yote ambayo mwili wake wenye nguvu ulikuwa bado umebakiwa nayo.

"Mama?" Emmanuella aliuliza. "Kuko tatizo?"

Vital alitikisa kichwa kukubali, mara moja, kidogo sana, akimtazama Wivine.

"Iko muzima," Wivine alisema.

Emmanuella akapiga muhuri.